Stika ya Bluu na Stika ya Kijani

Kiwanda alichokuwa anafanya kazi baba kilipouzwa, makarani walipewa kiinua mgongo na soda, wakaambiwa kwaheri. Baba akapanda kurudi nyumbani Old Moshi, akakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, na tangu siku hiyo akawa na jibu moja tu. Yoyote.

Mama akimuuliza leo tupike mtori au machalari, yoyote. Bibi, mama yake mzazi, akimuuliza ng'ombe akatiwe majani ya kule bondeni au ya hapa juu, yoyote. Nikaamua kumjaribu. Nikamwuliza angependa nikikua niwe sista au niwe jambazi. Akasema yoyote, akageuza uso kutazama migomba. Hakukasirika. Angenichapa ningelala na amani.

Niseme mapema kwamba mimi ndiye mdomo wa nyumba ile. Shuleni nimepiga magoti mbele ya ofisi ya walimu mara nyingi kuliko kanisani, na sisi Wakatoliki kanisani tunapiga kweli. Nikikaa kimya dakika mbili Bibi ananishika paji la uso aone kama nina malaria. Lakini miezi ile hata mimi utani wangu ulikuwa unatoka tu wenyewe, kama redio iliyoachwa inaongea kwenye nyumba isiyo na mtu. Ukikaa na mguu umeukunja muda mrefu unakufa ganzi. Ukiugusa unajua ni wako, lakini hausemi kitu. Nyumba yetu ilikuwa hivyo. Tulikuwa tunakula, tunasali rozari, tunazima taa.

Aliyekuwa anaongea kwa sauti ni baba mdogo pekee. Huyu anamfuata baba kuzaliwa. Darasa la saba alifeli, akashuka Himo kuuza mitumba barabarani, na wakati baba anafunga tai kwenda kiwandani, yeye alikuwa anavusha mizigo mpakani Tarakea. Biashara zilipofunguliwa, mitumba ikazaa saruji na saruji ikazaa pikapu. Sasa mwenye tai yuko dirishani na aliyefeli ana stoo mbili. Akawa anakuja Jumapili baada ya misa, na kila akija anarudia lile lile: kaka ashuke Himo amshikie stoo, mifuko inaingia na kutoka, inahitaji mtu mwenye mwandiko.

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana ilikuwa mbaya. Wote tulijua maana yake ni baba asimame mlangoni na kalamu sikioni, amwite mdogo wake bosi mbele ya vijana wa kupakia, halafu Krismasi wakirudi kula nyumbani, mmoja wao ndiye kaka mkubwa na mwingine ndiye tajiri wake. Na kwa jinsi baba alivyokuwa, Mama aliona wazi kwamba siku moja atajibu yoyote, na Jumatatu yake atashuka.

Kwa hiyo Mama akaja na wazo lake. Chumba cha mbele kinatazama barabara. Shule za sekondari ziko hapa na pale, zote zinatunga mitihani. Harusi zina kadi. Misiba ndiyo usiseme, kwetu mtu hazikwi bila ratiba iliyochapwa, na wa karibu wa kuchapa yuko mjini. Baba kwenye mashine ya kuchapa alikuwa hatazami vidole. Mama akasema tununue kompyuta ya nyumbani kabla hela haijaliwa na sukari. Ikifanya kazi, baba anabaki kwake. Isipofanya, basi Himo. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, huku anamenya ndizi, na baba akiwa pale pale anasikia.

Mimi na baba tukashuka mjini kwa fundi anayeunganisha kompyuta nyuma ya soko. Kijana ana kipara na koti la jinsi, meza yake imejaa nyaya kama utumbo wa mbuzi. Akamwamkia baba vizuri, akauliza mashine ya kazi gani, kisha akauliza swali lililotuharibia mwezi mzima.

"Mzee, prosesa unataka ya nani?"

Nilijua kitakachotoka kabla hakijatoka. Baba akasema yoyote.

Fundi akacheka. "Hapa hakuna yoyote, mzee. Bodi inayobeba prosesa ya huyu haipokei ya yule. Ukishachagua umechagua, kama ndoa yenu nyie Waromani."

Akatoa vipeperushi viwili vya kampuni mbili, kimoja cha bluu na kimoja cha kijani, kila kimoja kina stika ndogo inayobandikwa mbele ya kava ya kompyuta watu waone ulichonunua. Akamwambia baba akasome nyumbani, prosesa ndiyo akili ya mashine, mengine yote ni mikono na miguu. Kuanzia hapo kwetu hakuna aliyetumia majina ya kampuni. Ilikuwa Bluu na Kijani.

Baba akasoma. Sijui kama naweza kueleza ilivyokuwa. Alikuwa ameacha hata kusoma gazeti linalofungiwa nyama. Siku ya kwanza alivishika tu. Siku ya pili akaomba rula. Halafu akaniita nimletee kamusi ya Kiingereza, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kumwomba mtu kitu. Mama alisimama mlangoni na mwiko unadondosha mtori chini, anamwangalia vile unavyomwangalia mgonjwa anapoanza kunywa uji, hutaki hata kupumua. Nikapita akanifinya mkono kunionya nisilete mdomo wangu.

Nikauleta. Nikamwuliza baba kama anachagua mke wa pili, maana hata Mama hakusomwa hivyo.

Akanitazama juu ya miwani. "Wa kijani ana mbio," akasema. "Ila anatoa jasho."

Mama alicheka mpaka akaenda jikoni, akakaa huko muda. Mimi nilisubiri furaha inifikie. Niliiona inakuja kwa mbali, kama gari linalopanda kona za kwetu, halafu sikuisikia tena.

Jumapili iliyofuata baba mdogo akaja na nyama ya mbavu na maoni. Alishajua kila kitu, huko Himo watu wanajua bei ya vitu ambavyo hata hawajui kazi yake. Akasema Bluu, na hakuna mjadala. Nairobi nzima Bluu. Mabenki Bluu. Hata ukitaka kuiuza kesho, mtu akiona stika ya bluu hakuulizi swali. Kijani ni kitu cha kujaribisha, na mtu asiye na kazi hajaribu. Bibi, ambaye hata simu aliishika kama anashika kinyonga, akasema yeye anapenda kijani kwa sababu ni rangi ya mgomba. Nikasema aulizwe Mama, yeye alizaliwa Mlutheri akawa Mkatoliki kwa ndoa, ana uzoefu wa kuhama kampuni. Nikatumwa kuni.

Niliporudi na kuni baba alikuwa anaongea. Sauti yake ilikuwa na kutu. Alieleza kwamba kwa bei ile ile Kijani kinakwenda kasi zaidi, na cha bluu cha bei hiyo ni kile kidogo kilichopunguzwa nguvu, kwa hiyo anayenunua ananunua stika. Kijani kina joto, amelisoma hilo, lakini joto linataka hewa tu na feni nzuri. Baba mdogo akamwambia jina lina maana yake, kaka, watu hawaamini kitu kisicho na jina.

"Kiwanda chetu nacho kilikuwa na jina," baba akasema.

Akatia kidole kwenye karatasi. "Nachukua Kijani."

Baba mdogo akatikisa kichwa akala mbavu yake. Lakini kwa haki yake niseme, ndiye aliyekuja na pikapu kuipandisha kompyuta ilipokuwa tayari. Aliibeba mwenyewe kava kutoka mjini hadi kwetu kwenye mapaja yake, kijana wake akiendesha, na alipofika akaitua mezani akasema haya, tuone mke wako wa kijani.

Ilikuwa Julai. Asiyekaa huku juu Julai hajui. Ukungu unashuka asubuhi mpaka huoni banda la ng'ombe, manyunyu hayanyeshi wala hayaachi, watu wanaongea na moshi unatoka mdomoni. Shule tulikuwa likizo. Baba alikuwa anaamka, ananyoa ndevu, anavaa shati la kola na sweta, anatembea hatua chache kutoka chumbani kwenda chumba cha mbele, anasema anakwenda kazini. Siku ya kwanza nilidhani ni utani nikacheka. Haukuwa. Shule ya jirani ikaleta mtihani wa jiografia wa kufungulia muhula. Ukaja msiba mmoja, ikachapwa ratiba, na jina la marehemu halikukosewa, jambo ambalo wachapaji wa mjini walikuwa hawaliwezi. Mama akaacha kumtaja baba mdogo.

Sasa Bibi. Bibi ndiye mpishi wa mbege ukoo mzima. Ndizi zikishachemshwa, zikakaa, zikachujwa, ukachanganywa unga wa ulezi, pombe inawekwa kwenye pipa ichemke yenyewe, na pombe ikichemka inanguruma polepole, ukiweka sikio unaisikia. Miezi ya baridi Bibi analivika pipa blanketi na magunia juu yake, analifunga kamba kama mgonjwa, kwa sababu baridi ikiingia pombe inalala, na ikilala hata askofu akija haiamki. Hiyo kazi haifundishwi kwa maneno. Nimekua naiona. Kitu kinachonguruma chenyewe kwenye baridi, kinafunikwa.

Siku hiyo baba aliacha mashine inafanya kazi, akatoka kidogo kwenda shuleni kuchukua karatasi nyingine za mtihani. Mimi nilikuwa bondeni nakata majani. Tulikutana njiani tukaingia pamoja, mimi na mzigo kichwani, na harufu ilitupokea mlangoni, kama saluni mtu anapoungua nywele.

Kompyuta ilikuwa imevikwa blanketi. Lile la kijivu, zito, la kitanda cha Bibi mwenyewe. Juu yake gunia safi. Limezungushwa vizuri nyuma na pembeni, likachomekwa chini, pasiwe na hata tundu la upepo kuingia. Skrini tu ndiyo ilikuwa wazi, nyeusi. Bibi alikuwa amekaa pembeni yake kwenye kigoda, mikono mapajani, anailinda.

Akasema alipita akaisikia inanguruma peke yake na dirisha liko wazi. Mtu unaachaje kitu kama hicho kwenye baridi?

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno manne au matano mazuri sana. Baba akanishika bega, hakulibana, aliweka mkono tu. Akaenda ukutani akazima swichi. Akatoa gunia. Akatoa blanketi akalikunja, pembe kwa pembe, taratibu, kama nguo za altare, akampa Bibi mikononi.

"Asante, mama," akasema. "Lirudishe kitandani usije ukalala na baridi wewe."

Tukaishusha mjini. Fundi akafungua kava, akanusa, akachomoa feni, akatuonyesha. Katikati ya ile prosesa palikuwa na doa la kahawia kama la pasi kwenye shati la shule. Akasema imekufa, lakini bodi anaona imepona, bahati. Kisha akauliza mashine iliwekwa wapi, maana hii imekosa hewa kabisa, ni kama ilizibwa.

"Chumba chetu kidogo," baba akasema.

Fundi akanitazama mimi. Nikatazama utumbo wa nyaya. Kijana akaeleza kwamba anaweza kuweka Kijani kingine, au kama mzee amechoka na joto, ahamie Bluu, ila Bluu ni pamoja na bodi mpya. Baba akasema atarudi.

Njia nzima ya kupanda nilikuwa nangoja aseme kitu. Kwamba Bibi kafanya nini. Kwamba prosesa haikuwa na kosa. Alisimama mara moja tu kuwasalimia wazee wawili, wakamuuliza ofisi inaendeleaje, akasema inaendelea. Tulipofika akakaa kwenye kiti cha dirishani. Mama alikuwa ameshajua, Mama hahitaji kuambiwa. Akamwuliza apike mtori au machalari. Baba akamtazama muda mrefu mno kwa swali la ndizi, na nikaona Mama anashika ukingo wa meza. Halafu akasema hana njaa.

Jumapili baba mdogo akafika. Habari ilishamfikia Himo, sijui nani anaipeleka, nadhani inashuka na maji ya mfereji. Hakuanza vibaya. Alimwamkia Bibi, akampa sukari, akakaa, akapewa kikombe cha mbege. Akanywa nusu. Ndipo akasema yeye hapendi kusema 'nilisema', lakini alisema. Kitu cha kijani, wiki tatu, kimekuwa mkaa. Bluu ingekuwa inachapa mpaka leo.

Baba alikuwa anatazama kikombe chake.

Baba mdogo akaendelea, na sauti yake ikawa ya upole, na hapo ndipo niliposhika kiti nilichokalia. Akasema sikiliza kaka. Njia mbili. Nanunua Bluu mimi, pamoja na bodi yake, zawadi, usinirudishie kitu, na mambo ya mashine kuanzia sasa unaniuliza mimi kwanza. Au tuache hii michezo ya vioo, kesho asubuhi nakupitia na gari, stoo inakusubiri. Hakuna aibu. Umejaribu.

Bibi akadakia kutoka pembeni ya moto. Alikuwa amebeba jambo hili wiki nzima, ilionekana.

"Mimi nilijua baridi itaiua," akasema. "Nilichelewa na blanketi."

Mama akawa anatazama ukuta. Baba mdogo hakuelewa, akageuka, akauliza blanketi gani. Mimi nilikuwa na jibu lote hapo mdomoni, zima, limeiva. Sentensi moja tu ingetosha. Ingemsafisha baba mbele ya mdogo wake, ingekirudishia Kijani jina lake, na ningeisema kwa namna ambayo wangecheka mpaka Pasaka. Na Bibi angebaki amekaa pale na mikono yake mapajani.

Baba alinitazama. Hakunionya. Alinitazama tu kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake, na sijawahi kutazamwa hivyo, sikujua niweke wapi uso.

Nikafunga mdomo. Bibi baadaye alinishika paji la uso.

"Ulichelewa kidogo tu, mama," baba akasema. "Hukukosea."

Baba mdogo akapiga paja kwa kicheko. Akasema umeona kaka, hata mama amejua mashine yako haiwezi hata baridi ya Old Moshi, halafu wewe umesoma vitabu. Alicheka peke yake mpaka kicheko kikamwishia. Kisha akauliza, sasa tunafanyaje, bluu au gari.

Baba akanywa mbege. Akaweka kikombe chini, akafuta mdomo kwa kitambaa.

"Kijani," akasema. "Kile kile."

"Kaka, kimeungua."

"Nimesikia. Ndama atauzwa Jumanne, nitanunua kingine. Na feni mbili."

"Na stoo?"

"Stoo mtafutie kijana mwenye mwandiko. Nitakusaidia kumpima."

Baba mdogo akamtazama Mama, kama vile Mama ana ufunguo wa mtu huyu. Mama akamwongezea mbege kwenye kikombe bila kumuuliza. Akainywa. Nadhani aliudhika, na nadhani pia kuna kitu kingine kilimpita usoni, lakini sikukijua na siwezi kukisingizia. Wakaanza kuongea habari za paa la kanisa. Alipotaka kuondoka, baba akasimama akamsindikiza mpaka kwenye gari, kama kaka mkubwa anavyotakiwa, akamfungulia na geti.

Mimi nilibaki nakusanya vikombe. Nilijua kilichotokea ni kikubwa. Nilisimama katikati ya chumba nikajipa muda, nikisema sasa nitasikia kitu, hata kidogo, machozi au hamu ya kuruka ruka. Nje niliwasikia baba na mdogo wake wanabishana kuhusu gia. Bibi alikuwa anachochea moto. Sikusikia chochote ndani yangu, nikabeba vikombe nikaenda bombani. Maji ya Julai yalikuwa ya baridi mpaka vidole vikauma, na nikaviacha humo viume.